Jina la Ugonjwa wa Akili Likibadilika
Daktari wa magonjwa ya akili anajibu maswali ya wasomaji wa Roret, Kericho.

Daktari, ndugu yangu aliandikiwa sonona, kisha baipola, sasa skizofrenia. Nani alikosea?

Huenda hakuna. ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, hutenga magonjwa ya akili kwa dalili na muda wake. Anayeanza na huzuni anaweza baadaye kukesha siku tatu akichangamka na kutapanya bonasi yote ya chai. Daktari huandika alichokiona hadi siku hiyo.

Kwa nini msipime damu, kama malaria?

Damu na picha ya ubongo hutuonyesha visababishi vingine: kaswende, uvimbe, hitilafu ya tezi ya shingo. Skizofrenia yenyewe haina kipimo. Tena mipaka ya majina haya inavuja: mwaka 2013 utafiti wa kimataifa ulikuta skizofrenia, baipola, sonona na usonji vikichangia baadhi ya jeni. Mwaka huohuo Thomas Insel, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya taifa ya afya ya akili Marekani, alitangaza kwamba utafiti wao hautafungwa tena na majina ya zamani. Mpango wao, RDoC, huanza na kazi za ubongo: hofu, kumbukumbu, usingizi, hamu.

Utafiti huo unatuhusu?

Kwa miaka mingi jeni zilizochunguzwa zilikuwa hasa za watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo sababu mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulikusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Hapa nchini ulifanyika Eldoret na Kilifi.

Mgonjwa atafaidika vipi?

Tazama kifafa. Zamani kilihesabiwa wazimu, hadi elimu ya ubongo, pamoja na kipimo cha umeme wake alichobuni Hans Berger miaka ya 1920, ilipokiweka kwenye magonjwa ya neva. Matibabu yakapata mwelekeo. Hata hivyo, wapo majirani wanaoogopa kumgusa anayeanguka. Vitabu hubadilika kabla ya vijiji.

Basi ndugu yangu asubiri, aache dawa?

Asiache. Baadhi ya dawa hutuliza skizofrenia na baipola pia, na kuziacha ghafla huweza kumrudisha hospitalini. Mwekee daftari la usingizi, chakula, sauti anazosikia na dawa alizomeza, uje nalo kila kliniki. Nikilisoma, nitajua la kutibu hata jina likibadilika mara ya nne.