Dawa Wodini Wakati wa Korona: Tathmini Ilifunza Nini?

Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha Korona Machi 13, 2020, hapakuwa na dawa hata moja duniani iliyokuwa imethibitishwa kutibu ugonjwa huo. Hata hivyo, wagonjwa wodini walipewa dawa: za malaria, za bakteria, hata za kupunguza makali ya UKIMWI. Haukuwa uzembe wa madaktari. Mgonjwa anayekosa pumzi hawezi kungoja utafiti ukamilike. Lakini ilibidi mtu akae chini na faili za wagonjwa aulize: ni ipi inayosaidia, na ipi inayomwongezea mgonjwa mzigo?

Kazi hiyo huitwa tathmini ya matumizi ya dawa. Tofauti na kazi hiyo ni jaribio la dawa, kama utafiti wa RECOVERY ulioanza Uingereza Machi 2020 chini ya Chuo Kikuu cha Oxford. Kompyuta iliwagawa wagonjwa waliolazwa kana kwamba ni kwa kura, wengine wakapewa dawa inayochunguzwa, wengine huduma ya kawaida pekee. Bila kura hiyo, daktari angeweza kuwapa dawa wale walio na nafuu, kisha dawa ikasifiwa bure.

Haidroksiklorokwini, iliyovumishwa sana wakati huo, haikuokoa maisha. Miongoni mwa wagonjwa 1,561 walioipata, takriban 27 kati ya kila 100 walifariki katika siku 28. Kwa wasioipata walikuwa 25.

Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilileta habari njema Juni 2020. Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, wakalinganishwa na 4,321 wasioipata. Kwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilishuka kutoka takriban 41 hadi 29 kati ya kila 100. Waliohitaji oksijeni pia walinufaika, ingawa kidogo. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote, na kulikuwa na dalili kwamba huenda ikadhuru. Ndiyo maana dawa iliyomwokoa jirani akiwa wodini haimfai mtu anayekohoa nyumbani.

Upande wa viuavijasumu, yaani antibayotiki, hesabu si ya kujivunia. Dawa hizi huua bakteria, na Korona ni virusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichunguza takwimu za wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023. Ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji dawa hizo, lakini karibu asilimia 75 walizipata, "isije ikawa." Katika kanda ya Afrika kiwango kilifika asilimia 83. Bakteria waliozoea dawa hizo hawakuondoka na janga. Ndio wanaoweza kumsumbua mama aliyejifungua kwa upasuaji au mtoto mwenye nimonia, dawa ikakataa kufanya kazi.

Hospitalini, tathmini haihitaji mitambo mikubwa. Mfamasia huchukua faili na karatasi ya matibabu, akaangalia dawa iliandikwa kwa sababu gani, kipimo chake, siku ngapi, kama maabara iliotesha sampuli, na kama dawa ilisimamishwa majibu yalipotoka. Anayoyapata hulinganishwa na mwongozo wa matibabu, kisha hujadiliwa katika kamati ya dawa na tiba. Lengo ni kurekebisha, si kumsaka daktari wa kulaumiwa.

Kasoro moja faili haiwezi kuonyesha: dawa alizomeza mgonjwa kabla ya kufika. Mkazi anayekwenda hospitali, au anayempeleka mgonjwa, abebe dawa zote zilizotumiwa nyumbani pamoja na pakiti zake, ziwe za duka la dawa, mabaki ya mwaka jana au za mitishamba, na amwonyeshe mhudumu kabla ya mpya kuandikwa.