Redio ya Gari Inayojiongeza Sauti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Gari au Kumwita Fundi

Redio nyingi zinazofungwa kiwandani zina uwezo ambao wenye magari wengi hawaufahamu: gari likiongeza mwendo, sauti hupanda yenyewe, likipunguza mwendo, sauti hushuka. Asiyeufahamu uwezo huu huweza kudhani kwamba redio imeharibika, akalipa fedha ili irekebishwe kitu ambacho hakikuwa na kasoro. Kwa upande mwingine, yupo anayeambiwa na muuzaji kwamba gari lina uwezo huo, ilhali waya unaouwezesha ulikatwa siku redio ya awali ilipong'olewa. Katika somo hili tunaeleza namna uwezo huo unavyofanya kazi, jinsi ya kuujaribu kabla ya kulipa, na mahali ambapo unaweza kumletea dereva madhara bila yeye kujua.

Tuanze na kelele zenyewe, kwa maana ndizo zilizowafanya watengenezaji wahangaike. Gari likiwa limesimama, kinachosikika ndani ni injini pamoja na feni ya kiyoyozi. Mwendo ukifika kilomita 50 hivi kwa saa, mngurumo wa matairi juu ya barabara huanza kuizidi injini. Katika mwendo wa safari ndefu, upepo nao hujiunga, na kelele ya upepo hupanda kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Nguvu yake huongezeka takribani kwa kipeo cha sita cha mwendo. Maana yake ni kwamba gari likitoka kilomita 50 kwa saa na kufikia 100, nguvu ya kelele ya upepo haiwi mara mbili bali huwa mara 64 hivi, ambazo ni sawa na nyongeza ya desibeli 18. Sikio la mwanadamu huhesabu kila nyongeza ya desibeli 10 kuwa ni kama sauti imeongezeka maradufu. Hivyo dereva huusikia upepo huo kama umezidi mara tatu na zaidi ya ule wa awali.

Kelele za matairi na barabara zina tabia nyingine: nyingi ni za mngurumo mzito, na hufunika kwanza sauti nzito za muziki. Ndiyo sababu wimbo uliokuwa na besi nzuri mjini huwa mwembamba ukishafika barabara kuu, ingawa sauti ya mwimbaji bado inasikika. Dereva hupandisha sauti yote ili airudishe besi, na hapo huwa amepandisha hata visivyohitaji kupandishwa. Mifumo iliyobuniwa vizuri huongeza sauti nzito kuliko sehemu nyingine, na kwa maoni yetu hiyo ni alama nzuri zaidi ya ubora kuliko idadi ya spika inayotajwa katika tangazo.

Kuna aina mbili kuu za mifumo hii. Ya kwanza, ambayo ndiyo inayopatikana katika magari mengi, husoma mwendo wa gari tu. Waya mwembamba huleta taarifa ileile inayoendesha mshale wa spidomita, na redio huongeza sauti kwa kiwango kilichopangwa. Watengenezaji huipa majina mbalimbali: katika magari ya Toyota mtumiaji ataona herufi ASL, na katika yale ya Honda ataona SVC. Kwa kawaida kuna ngazi za kuchagua, kuanzia kuzimwa kabisa hadi ya juu. Udhaifu wa aina hii ni kwamba haina masikio. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa juu ya changarawe, vioo vikiwa wazi, lina kelele nyingi. Lakini redio hulihesabu kuwa tulivu kwa sababu mwendo ni mdogo. Lile linalokwenda kilomita 100 juu ya lami mpya na vioo vimefungwa huongezewa sauti hata kama halihitaji sana.

Aina ya pili hutumia maikrofoni iliyofichwa ndani ya gari. Mfumo wa AudioPilot wa kampuni ya Bose ni mfano unaojulikana. Maikrofoni husikia kila kitu, muziki wenyewe ukiwamo, kwa hiyo kompyuta ya mfumo hulinganisha kinachotumwa kwenye spika na kinachosikika, kisha hutenga muziki na kubakiza kelele. Aina hii hutambua dirisha lililofunguliwa na mvua inayopiga paa. Hata hivyo, ina maadui wake: tundu la maikrofoni lililozibwa na vumbi, au lililofunikwa na kile kitambaa cha kupamba dashibodi, hulifanya sikio hilo kuwa kiziwi. Kabla ya kulipia uchunguzi wa fundi, ondoa kitambaa na usafishe mahali hapo kwa brashi laini. Kitabu cha maelekezo ya gari huonyesha maikrofoni ilipo.

Sasa tuje kwenye magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani, kwa kuwa ndiyo wanunuzi wetu wengi wanayonunua. Nchini Japani masafa ya FM yalianzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakasogezwa hadi 95. Hapa kwetu tunatumia 87.5 hadi 108. Redio ya gari hilo hunasa vituo vichache tu, na mnunuzi hushauriwa aing'oe mara moja. Hapo ndipo uwezo tunaouzungumzia hupotea. Fundi huunganisha waya za umeme, spika na antena. Waya wa mwendo hubaki ukining'inia nyuma ya dashibodi, au redio mpya haina hata mahali pa kuupokea. Pamoja nao huweza kupotea vitufe vya usukani na kamera ya nyuma. Hatusemi kwamba kubadilisha redio ni kosa. Tunachosema ni kwamba mteja ana haki ya kuambiwa kabla ya kazi ni vitu gani vitakoma kufanya kazi, na ana haki ya kukataa.

Ipo njia ya kati. Kifaa kidogo cha kuhamisha masafa hufungwa kati ya antena na redio ya awali, kikashusha vituo vyetu hadi kwenye masafa ambayo redio hiyo inayajua. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na redio mpya, na mipangilio ya kiwandani haiguswi. Kasoro yake ni mbili: namba inayoonekana kwenye kioo cha redio haitakuwa namba halisi ya kituo, na kwa kuwa redio hiyo ina upana mdogo wa masafa, baadhi ya vituo vitabaki nje. Mwulize muuzaji wa kifaa kinashusha masafa kwa megahezi ngapi, kisha upige hesabu mwenyewe kama kituo unachokipenda kitaingia.

Kuujaribu uwezo huu si kazi ngumu, lakini hauwezi kujaribiwa gari likiwa limeegeshwa katika yadi ya muuzaji. Omba kuliendesha. Tumia sauti ya mazungumzo iliyorekodiwa badala ya muziki, kwa sababu muziki hupanda na kushuka wenyewe, na usitumie kituo cha redio chenye mawimbi dhaifu. Gari likiwa limesimama, weka sauti katika kiwango cha kawaida. Endesha hadi kilomita 80 kwa saa mahali ambapo sheria inaruhusu, kisha simama pembeni mahali salama. Sauti ikishuka hatua kwa hatua kadiri gari linavyopunguza mwendo, mfumo uko hai. Usiitegemee namba ya kioo cha redio, kwani katika mifumo mingi namba hiyo haibadiliki hata sauti yenyewe inapopanda. Abiria asikilize na dereva aangalie barabara. Jaribio lirudiwe mfumo ukiwa umezimwa katika mipangilio, ili tofauti ionekane wazi. Sauti inayopanda gari likiwa limesimama, au isiyorudi chini baada ya kusimama, hiyo ndiyo hitilafu. Na mara nyingi chanzo chake ni taarifa ya mwendo isiyofika vizuri, si redio yenyewe.

Usichanganye pia jambo hili na mengine yanayofanana nalo. Redio nyingi hupunguza sauti gia ya kurudi nyuma inapoingizwa ili vihisi vya kuegesha visikike. Ukihama kutoka redio kwenda simu, sauti hubadilika kwa sababu kila chanzo kina kiwango chake.

Tumesema kuna madhara. La kwanza linahusu usalama wa gari. Beringi ya gurudumu inapoanza kufa hutoa mvumo unaopanda pamoja na mwendo; tairi lililolika upande mmoja hufanya vivyo hivyo. Dereva wa zamani aliugundua ubovu huo kwa sababu ulimkera. Mfumo unaopandisha muziki sambamba na mwendo huufunika mvumo huo kwa ustadi kabisa, tena siku baada ya siku, kwa kuwa vyote viwili vinafuata spidomita ileile. Kwa hiyo tunamshauri kila mwenye gari azime redio kwa dakika tano katika safari moja ya kila wiki, juu ya barabara anayoizoea, asikilize. Mvumo mpya unaobadilika gari linapokata kona ni sababu ya kwenda kwa fundi mapema. Wakati huohuo angalia mipira ya milango. Ikiwa imekauka au imepasuka, upepo huingia, na mpira mpya utakusaidia kuliko redio ya bei kubwa.

La pili linahusu masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kwa kanuni ya kitaalamu, kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu. Tuseme kelele za ndani ya gari la mizigo, vioo vikiwa wazi, ni desibeli 75, na dereva anataka muziki uzidi kelele hizo kwa desibeli 10. Atakuwa anasikiliza desibeli 85. Kwa kiwango hicho saa 40 zinabaki takribani 12 na nusu kwa wiki, muda ambao dereva wa safari ndefu huumaliza kwa siku mbili. Mfumo wa kujiongeza sauti haulijui jambo hili. Kazi yake ni muziki usikike, si masikio yadumu. Chagua ngazi ya chini, na ufunge vioo kabla ya kuongeza sauti. King'ora cha gari la wagonjwa na honi ya bodaboda navyo vinapaswa kusikika ukiwa usukanini.

Unapolipia redio mpya, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na uombe fundi aandike kwenye karatasi mambo matatu: waya zipi ameziunganisha, zipi ameziacha, na muda wa dhamana ya kazi yake. Redio ya awali na soketi zake ni mali yako. Usiiache kwenye karakana. Mnunuzi wa gari naye, kama uwezo huu ulitajwa katika tangazo, autaje kwa maandishi katika hati ya mauziano. Ikibainika baadaye kwamba haufanyi kazi, mpe muuzaji taarifa ya maandishi na ubaki na nakala.