SOMO LA ROBO HII: WANAUME NA SARATANI YA TEZI DUME – UPIMAJI WA HAKI UKOJE?

Katika toleo hili tumechagua jambo ambalo wanaume wengi wa Nyaishozi hulisema kwa sauti ya chini, au hawalisemi kabisa. Tunaomba somo hili lisomwe kwenye kikao, kisha lijadiliwe kwa maswali yaliyo mwishoni.

1. Tezi dume ni nini?

Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanaume anayo. Kadiri umri unavyosogea tezi hii hukua, na mara nyingi kukua huko si saratani. Hata hivyo dalili hufanana: mkojo kutoka kwa shida au kwa kukatikakatika, na kuamka mara nyingi usiku. Damu kwenye mkojo, au maumivu ya mgongo na nyonga yasiyokoma, yanataka daktari haraka.

Saratani ikiwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Hatari huongezeka baada ya miaka 50, na ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye baba au kaka yake aliugua. Nchini Uingereza imekadiriwa kwamba mwanaume mweusi 1 kati ya 4 huugua katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni 1 kati ya 8.

2. Vipimo vinasema nini?

Kipimo cha damu kiitwacho PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiwango kikiwa juu si lazima iwe saratani, kwa sababu maambukizi na ukuaji wa kawaida wa tezi hukipandisha pia. Daktari anaweza pia kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni kazi ya muda mfupi, lakini ndiyo inayowakimbiza wengi. Uhakika hupatikana kwa kuchukua kinyama na kukichunguza maabara.

Je, tuwapime wanaume wote? Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuwaita wanaume kupimwa PSA kulipunguza vifo vya saratani hii kwa takriban asilimia 20. Lakini wengi waligunduliwa saratani za polepole ambazo zisingewaua, na matibabu yanaweza kumwachia mtu shida ya kuzuia mkojo au kupungukiwa nguvu za kiume. Ndiyo maana wataalamu wa Marekani mwaka 2018 walishauri kwamba mwanaume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari wake.

3. Haki iko wapi?

Mama anaweza kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa siki katika vituo vingi vya afya, na mara nyingi akatibiwa mabadiliko ya awali siku hiyohiyo. Baba hana njia fupi kama hiyo. Mkazi wa Dar es Salaam hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa daladala. Mtu wa Nyaishozi huanzia zahanati, huenda hospitali kama Nyakahanga, na akihitaji mionzi husafiri hadi Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini safari bado ni ndefu, na nauli ni ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji. Nyumba inayotegemea kahawa husubiri msimu. Saratani haisubiri.

Upo utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Huo ni msaada mkubwa, lakini haulipi nauli wala malazi, na baba wa miaka 55 hahusiki.

4. Siku moja ya kupima haitoshi

Tuseme mfadhili ametoa fedha za kupima wanaume 200 kwa siku moja. Wakipatikana 20 wenye PSA ya juu, nani atawapeleka kuchukuliwa kinyama? Nani atafuatilia majibu? Kumwambia mtu huenda ana saratani na kumwacha hapo ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo tunashauri:

(a) Wenye dalili wapewe nafasi ya kwanza. Kuwahi kumwona mwenye dalili kunagharimu kidogo kuliko kupima umati.
(b) Fungu la nauli na malazi ya rufaa litengwe kabla ya kununua vipimo.
(c) Elimu ipelekwe walipo wanaume: kwenye jumuiya, mnadani, mahali pa kuuzia kahawa. Itolewe kwa Kinyambo pia, na wake zao washirikishwe.
(d) Kila anayepimwa aelezwe kwanza faida na madhara, na majibu yake yawe siri.
(e) Orodha ya wanaosaidiwa isiangalie dini, ukoo wala urafiki na viongozi.

5. Maswali ya kujadili

– Katika kitongoji chetu, mwanaume mwenye dalili humwambia nani kwanza? Baada ya muda gani?
– Je, wazee wetu wote wanaostahili msamaha wana vitambulisho vyao?
– Kama tungekuwa na fedha za kumpeleka mgonjwa mmoja tu Mwanza, tungemchagua kwa kigezo gani, na tungekitangaza wazi?
– Kwa wafadhili: je, mchango wetu unalipia kipimo tu, au unamsindikiza mgonjwa hadi kwenye matibabu?

Tunawaomba makatibu waandike majibu ya kikao na kuyawasilisha ofisini kwetu, ili mpango wa mwaka ujao uanzie kwenye hali halisi ya vitongoji.