DARASA: Viza ya Kazi na Ukweli wa Jaafar mbele ya Najashi



Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, ndugu yetu mmoja aliyehitimu uhandisi wa ujenzi alibaki msikitini watu wote walipokwisha kutoka. Alikuwa na bahasha mkononi. Alituomba sisi wawili watatu tuliobaki tumsaidie kusoma karatasi zake kabla hajazituma. Ndani mlikuwa na barua ya ajira ya kutunza wazee katika nyumba moja ya huduma huko Uingereza, na barua nyingine ya hospitali ikisema kwamba amefanya kazi hapo miaka miwili akiwahudumia wagonjwa. Tukamtazama. Tulijua, naye alijua kwamba tunajua, kuwa miaka ile miwili alikuwa nasi hapa chuoni akipima udongo maabara.

“Wakala amesema kila mtu anafanya hivyo,” alisema. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Mama ameshauza kibanja.”

Ndugu msomaji, somo letu la leo limetokana na bahasha ile. Wengi wetu tunafikiria kwenda kufanya kazi nje, na hilo si dhambi wala aibu. Lakini safari ina mlango wake, na Muislamu hujiuliza mlango gani anaingilia. Tutaanza na mafunzo ya dini, kisha tutaeleza utaratibu wenyewe wa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ya Uingereza, ile inayoitwa Skilled Worker, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana hapa Uganda na ndiyo inayotumiwa sana na matapeli.

1. Je, inafaa kusafiri kutafuta riziki?

Katika Suratul Mulk, aya ya 15, Allah anatukumbusha kwamba ameifanya ardhi iwe nyepesi kwetu ili tutembee pande zake na tule katika riziki yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 100, anamuahidi mwenye kuhama katika njia yake kwamba atapata pa kukimbilia na wasaa. Wanazuoni wamejadili hukumu ya kuishi katika nchi isiyo ya Kiislamu, na wengi wao wanaruhusu kwa sharti kwamba mtu aweze kuitekeleza dini yake na asiogope kuipoteza. Basi swali la kwanza si “nitapata pauni ngapi?” bali “swala yangu itakuwaje, na watoto wangu watalelewaje?” Nia ndiyo msingi. Hadithi mashuhuri ya nia imetaja kuhama kwa jina: kila mtu atapata kile alichokihamia.

2. Jaafar mbele ya mfalme

Mwaka wa tano wa Utume, karibu mwaka 615, Waislamu wachache walivuka bahari kwenda Habasha, nchi ya mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) akasimama kuwasemea wenzake. Siku ya pili wakaitwa tena, safari hii waulizwe wanasema nini juu ya Nabii Isa. Hebu tufikiri hali yao. Mwenye mamlaka ya kuwaacha wakae au kuwafukuza alikuwa Mkristo, na jibu la kweli lingeweza kumchukiza. Walishauriana, wakakubaliana kusema yale aliyowafundisha Mtume (s.a.w.), liwalo na liwe. Jaafar akasema kweli, na Najashi akawapa amani.

Hilo ndilo somo. Jaafar hakuwa na wakala wa kumtungia hadithi. Alikuwa mgeni, hana kitu mkononi isipokuwa ukweli, na alikuwa na hofu kama tuliyo nayo sisi mbele ya afisa wa viza. Fomu ya viza ina mahali pa kutia saini kwamba maelezo ni ya kweli. Saini hiyo ni shahada. Aliyeghushi cheti ili aingie nchi ya watu ameanza safari yake kwa ushahidi wa uongo, na mshahara unaojengwa juu yake una walakini.

Hata kidunia uongo huu una gharama. Kwa kanuni za uhamiaji za Uingereza, karatasi ya kughushi inaweza kusababisha maombi kukataliwa hata kama mwombaji mwenyewe hakujua. Ikithibitika kwamba amedanganya kwa makusudi, maombi yake yanaweza kukataliwa kwa miaka 10. Kijana wa miaka 24 atakuwa na miaka 34 mlango utakapofunguliwa tena.

3. Mambo yanayotakiwa

Viza hii ilianza Desemba 2020, na masharti yake yalikazwa tarehe 22 Julai 2025. Yashike haya:

Mdhamini. Huwezi kuomba bila mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri hao bure kwenye tovuti yake, ile ambayo anwani yake huishia na gov.uk. Mwajiri hukupa cheti cha udhamini. Ingawa kinaitwa cheti, hasa ni namba iliyo katika mfumo wa serikali. Karatasi yenye mihuri mingi na bendera haina uzito bila namba hiyo.

Kazi. Tangu tarehe hiyo ya Julai 2025, kazi nyingi zinazokubaliwa ni za kiwango cha shahada, isipokuwa chache zilizo katika orodha za muda. Na kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi ile. Kwa hiyo anayekuuzia kazi hiyo leo anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Mshahara. Kiwango cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi yenyewe kama ni kikubwa zaidi. Aliye chini ya miaka 26 siku ya kuomba anaweza kuhesabiwa kama anayeanza kazi, na kiwango chake cha chini hushuka hadi pauni 33,400. Kazi za afya na ualimu zinazolipwa kwa ngazi za mishahara za taifa zina hesabu yake.

Lugha. Kuanzia tarehe 8 Januari 2026 waombaji wapya wanatakiwa kufikia kiwango cha B2 cha Kiingereza. Wengine hudhani kusoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi kunatosha. Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa. Utafanya mtihani uliokubaliwa, au shahada yako iliyofundishwa kwa Kiingereza ithibitishwe na taasisi ya Ecctis.

Afya. Mwombaji kutoka Uganda anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Cheti chake hudumu miezi 6, basi usikimbilie kupima kabla hujapata kazi.

Fedha. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya viza isiyozidi miaka 3 kwa anayeomba kutoka nje ilikuwa pauni 769. Juu yake kuna malipo ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka, nayo hulipwa yote kwa pamoja kabla ya kuondoka. Kwa miaka 3 jumla ilikuwa pauni 3,874, zaidi ya shilingi milioni 15 za kwetu. Wanaopata viza ya afya na huduma hawalipi hayo ya afya, na ada yao ni ndogo zaidi. Unatakiwa pia uwe na pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo, ila kama mwajiri amethibitisha kuwa atakukimu mwezi wa kwanza. Ada hupandishwa mara kwa mara, basi hakikisha siku unayoomba.

Wakati. Unaruhusiwa kuomba miezi 3 kabla ya siku ya kuanza kazi, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole na kuthibitisha utambulisho wako.

Kwa ndugu wanaosoma udaktari na uuguzi: viza peke yake haikufanyi daktari. Muuguzi husajiliwa na baraza la wauguzi la kule baada ya mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo. Daktari ana mitihani ya PLAB, ya kwanza ya maandishi na ya pili ya vitendo inayofanyika Manchester. Kumbukeni pia kwamba Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa kanuni za maadili za Uingereza, mawakala hawaruhusiwi kuja kuwasaka wahudumu katika nchi hizo. Mtu binafsi akiomba mwenyewe moja kwa moja si kosa. Lakini wakala anayezunguka mabwenini akikusanya pasipoti za wauguzi amekwisha kuvunja kanuni kabla hujampa shilingi.

4. Mkataba na amana

Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi soma mkataba wako neno kwa neno. Angalia mshahara, saa za kazi, mahali pa kulala, na kama kuna kifungu cha kukudai pesa ukiondoka mapema. Mwajiri haruhusiwi kukutoza ile tozo ya ujuzi anayoilipa serikalini kwa ajili yako, wala gharama ya cheti cha udhamini. Anayekuuzia cheti cha udhamini anauza kitu ambacho hakiuzwi.

Jua pia kwamba viza hii imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Kazi ikikatika, au mwajiri akinyang'anywa leseni, kwa kawaida utapewa siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Ndiyo maana deni la riba la kugharamia safari ni hatari mara mbili: ni haramu, na linamfanya mtu avumilie dhuluma kwa kuogopa kurudi mikono mitupu.

Kwa wanaokwenda Ghuba kupitia kampuni za hapa nyumbani, hakikisheni kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kwamba mkataba mliotia saini hapa ndio mtakaoukuta kule.

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka hakutoka ovyo. Alimuajiri Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu, kwa sababu alizijua njia. Alijificha katika pango la Thawr siku tatu mpaka msako ulipopungua. Na alimwacha Ali (r.a.) nyuma arudishe amana za watu, hata za wale waliokuwa wakimfukuza. Tawakkul yake ilikuwa pamoja na mpango, na hakuondoka na haki ya mtu. Wewe je? Umelipa deni la chuo? Umeaga waliokukopesha? Wazazi wako wanajua ukweli wa safari, au wanajua ile hadithi ya wakala tu?

5. Ukishafika

Hapa kwetu karibu na ikweta nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. Kule London mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huangukia ndani ya saa za kazi. Kiangazi Isha huchelewa mno. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake, lakini haimpi ruhusa ya moja kwa moja ya kutoka kila Ijumaa. Ongea na mwajiri mapema, kwa adabu, kabla ya kuanza kazi. Tafuta msikiti kabla ya kutafuta duka. Na mfuate Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye alipofika Madina na kupewa nusu ya mali ya ndugu yake Saad bin Rabii, alimuombea baraka kisha akauliza soko liko wapi.

Mwisho wa bahasha

Usiku ule tulifungua simu pale pale msikitini. Jina la ile nyumba ya huduma lilikuwemo katika orodha ya wadhamini, na ndugu yetu akashusha pumzi. Kisha tukasoma ukurasa wa kazi zenyewe, tukakuta ile ya kutunza wazee imefungwa. Kesho yake akawaandikia wenyewe. Wakamjibu kwa mistari miwili: hawamjui, na hawajamdhamini mtu kutoka Uganda.

Pesa hazikurudi. Wakala alizima simu. Lakini fomu haikutumwa, na jina la ndugu yetu bado ni safi. Sasa yuko na mkandarasi mmoja wa barabara, anakusanya uzoefu wa kweli na anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Kazi ngumu kuliko zote, alituambia, ilikuwa kwenda kumweleza mama. Alimweleza yote, hata ile barua ya hospitali. Mama akamuuliza swali moja tu: “Ulitia saini?” Akajibu, “Hapana.” Mama akasema, “Alhamdulillah,” akaenda kuota moto.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Jaafar na wenzake walishauriana nini, na kwa nini hawakuficha?
2. Taja mambo matatu unayoweza kuyahakiki mwenyewe, bure, kabla ya kumlipa mtu yeyote.
3. Kuazima pesa ili zionekane kwenye akaunti siku 28, kisha kuzirudisha: je, ni sawa na kusema kweli?
4. Daktari aliyesomeshwa kwa fedha za umma ana deni gani kwa wagonjwa wa nchi yake?
5. Swali istikhara, kisha andika nia yako ya kusafiri kwa sentensi moja. Je, ungeweza kumsomea mama yako?

Allah atujaalie riziki ya halali, iwe hapa au ng'ambo, na atulinde na kula haki za watu. Wabillahi tawfiq.