Dondoo muhimu: Begi la mlinda amani anayekwenda Berbérati

Helmeti na fulana ya kuzuia risasi utapewa na kikosi, hangaikia soksi. Mvua za Berbérati, magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, huloweka buti siku nzima, na fangasi wa miguu humtoa askari kwenye doria mapema. Chukua soksi za sufu nyepesi, kwani za pamba zikilowa hazikauki upesi. Ongeza poda na malapa ya bafuni.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae na pasipoti kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Chandarua chenye dawa ni lazima, hata kama mwenzako anajisifu kuwa mbu hawamwezi.

Soketi za huko zina matundu mawili ya duara; chaja ya pini tatu haiingii bila adapta. Tochi ya kichwani huacha mikono huru.

Sokoni hutumika faranga ya CFA, na Kifaransa cha kuombea bei kinasaidia.

Nakala za bima na kadi ya benki ya akiba mwachie mwenzi wako kabla ya kuondoka, si kuja kumwelekeza kwa simu ukiwa kambini.