Kufundisha Dakio la Maji Nje ya Darasa: Mfano wa Ivuna

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa mto huishia wapi, hujibu bila kusita: baharini. Jibu hilo amelipata katika michoro ya vitabu. Huko Ivuna, wilayani Momba katika Mkoa wa Songwe, jibu hilo si sahihi, na ndiyo sababu tumepachagua mahali hapo kuwa mfano wa ziara ya mafunzo ya Jiografia. Mito Momba na Songwe huingia katika Ziwa Rukwa upande wa kusini, nalo ziwa halina mto utokao. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, yakiacha magadi nyuma yake. Tena ziwa hilo lina kina kifupi. Maji yakizidi au yakipungua kidogo, ufuko husogea mbali sana, na malisho ya mwaka huu yaweza kuwa maji mwaka ujao.

Dakio la maji ni eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika katika mto mmoja au ziwa moja. Maelezo hayo ni mepesi kukariri na magumu kuyaona, kwa hiyo kazi na ianze darasani kwa ramani. Waonyeshe wanafunzi kwamba iko mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja huenda Rukwa. Wa pili ni mpaka wetu na Malawi, na maji yake hupita Ziwa Nyasa, mto Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Magharibi ya nyanda za Ufipa, mto Kalambo huingia Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hufuata Lukuga na Kongo hadi Atlantiki. Basi mvua ya mkoa na jirani zake hugawanyika njia tatu, na kinachoigawa ni miinuko ambayo mpita njia aweza kuivuka asitambue.

Uwandani, chagueni mahali pa mto paliponyooka. Pimeni mita 10 ukingoni, tupeni kipande cha kijiti juu ya maji, hesabuni sekunde. Tuseme kijiti kimetumia sekunde 20: kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole zaidi, kwa hiyo zidisheni kwa 0.8, mpate 0.4. Iwapo upana ni mita 6 na kina cha wastani mita 0.4, eneo la mkato ni mita za mraba 2.4, na mtiririko ni mita za ujazo 0.96 kwa sekunde. Tamko hilo halimwambii mtoto kitu. Mwambieni ni ndoo 48 za lita 20 kila sekunde, naye atageuka kuutazama mto upya.

Kina kipimwe na mtu mzima, juu ya daraja, kwa kamba na jiwe. Mito ya Rukwa ina mamba na viboko, na maji yaliyotuama huambukiza kichocho. Mtoto asiingie majini kwa ajili ya tarakimu. Jazeni pia chupa ya maji ya mto na kuiacha mpaka kesho. Tope litakalotuama chini ni udongo wa shamba la mtu fulani.

Hapo ndipo penye kazi ngumu. Wanafunzi watauliza tope limetoka kwa nani, na katika darasa moja huketi mtoto wa mkulima wa mpunga na mtoto wa mfugaji. Mwalimu asiyejiandaa atayaacha mazungumzo yawe mashtaka, na ugomvi wa wazee utapata tawi shuleni. Tunashauri swali ligeuzwe: kila mtoto aeleze jamaa yake hutumia maji wapi, mwezi gani, na nani yuko juu yake mtoni. Watagundua kwamba karibu kila mtu ana wa juu yake na wa chini yake. Hata mpaka wa nchi hauwatengi: Momba huanzia Zambia, karibu na Mbala, ukiitwa Saisi. Kisha waelezeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji, na kwamba anayechepusha mto kumwagilia mashamba hutakiwa kuwa na kibali.

Wataalamu wa nyota huifahamu Ivuna kwa kimondo kilichoanguka Desemba 1938. Kwetu chumvi yafaa zaidi. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walitoa taarifa ya uchimbaji wao wa mabaki ya kale ya utengenezaji chumvi mahali hapo. Angalieni, hata hivyo: chumvi hiyo hutokana na chemchemi za maji ya chumvi, haikuachwa na ziwa. Mwanafunzi mwerevu ataunganisha mambo hayo mawili, na asikemewe. Aulizwe tu angepima nini, na wapi, ili ajue kama dhana yake ni kweli.