Pikipiki Iliyotumika: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kuipandisha Vilima

Fedha za bonasi ya chai zinapolipwa, wakulima wengi wa Kisii na Nyamira huazimia kununua pikipiki, na kwa kuwa mpya ni ghali, hununua iliyokwisha kutumika. Wenye busara hutafuta zile zilizoundwa kwa njia zisizo na lami, zenye tairi za meno na springi ndefu, kama vile Honda XL 125 na Yamaha za namna ya DT, ambazo kwa miaka mingi zilitumiwa na mabwana shamba na maofisa wengine waliofanya kazi vijijini. Hivyo ni vyombo imara. Lakini uimara huo huo ndio humdanganya mnunuzi, maana injini iliyochoka huweza kunguruma vizuri sokoni Keroka asubuhi, na jioni ikamwacha mwenyewe mlimani katikati ya mvua.

Kwanza namba ya chesisi na namba ya injini zilinganishwe na hati ya umiliki, tena kabla ya fedha kutoka mkononi. Namba iliyokwaruzwa kwa tupa ni sababu ya kutosha ya kwenda zake mtu bila kununua. Baada ya hapo, pikipiki na ihesabiwe kuwa haijapata kuhudumiwa hata mara moja. Neno la muuzaji kwamba ilitengenezwa juzi si ushahidi.

Jambo la pili ni kujua aina ya injini, na hapa ndipo watu wengi wamepoteza mali. Honda XL 125 ina injini ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa chini ya injini na hupimwa kwa kijiti au kwa kioo kidogo cha pembeni. Yamaha DT za zamani zina injini ya mipigo miwili, ambayo huchoma oili pamoja na petroli. Oili hiyo ina tangi lake dogo, na pampu huipeleka kwenye injini. Mtu aliyezoea aina ya kwanza akinunua ya pili, hujaza petroli kila siku na kulisahau tangi la oili. Likikauka, pistoni hushikana na silinda, na gharama ya kutengeneza huweza kukaribia bei ya pikipiki yenyewe. Tena pampu ya chombo kilichokaa muda mrefu huweza kuwa imeziba au kuingia hewa. Fundi aikague kabla ya safari ya kwanza.

Oili yote ya zamani imwagwe injini ikiwa na joto, maana hapo hushuka pamoja na uchafu wake. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa, kuna kitu kinachosagika, na ni vema mwenye chombo alijue hilo mapema. Katika injini ya mipigo minne itiwe oili ya pikipiki, si ya motokaa, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za motokaa huifanya iteleze. Baada ya kilomita 500 ibadilishwe tena, kwa sababu ile ya kwanza imefanya kazi ya kuosha.

Chujio la hewa ni kitu kidogo kinachodharauliwa sana. Vumbi jekundu la miezi ya kiangazi likipita humo huisugua silinda kama msasa, mpaka moshi wa buluu uanze kutoka. Chujio la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni, likaushwe kivulini, lilowekwe oili safi na kukamuliwa. Lisioshwe kwa petroli, ambayo ni hatari ya moto na huharibu sponji. Likimeguka vidoleni, linunuliwe jipya.

Plagi nayo ifunguliwe na kutazamwa. Mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa pwani, ikiletwa milimani, hupata petroli nyingi kuliko hewa yake: plagi huwa nyeusi kwa masizi, nguvu hupungua, na mafuta huliwa bure. Wengine hudhani injini imekufa, kumbe ni kazi ya fundi ya kurekebisha kabureta.

Mnyororo usikazwe mpaka ukawa kama uzi wa gitaa. Springi za nyuma zinapolemewa na gunia la majani chai, mnyororo huzidi kukaza, na huweza kukatika au kuharibu beringi. Upimwe kwa kufuata kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Meno ya magurudumu yake yakiwa yamechongoka na kuinama, yabadilishwe pamoja na mnyororo, maana mnyororo mpya juu ya meno ya zamani haudumu.

Breki zataka uangalifu kuliko yote mengine. Atakayeteremka Manga na abiria nyuma hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Ngoma za breki zifunguliwe, matope yaondolewe, na viatu vilivyobaki vyembamba vitupwe. Baada ya kuvuka maji, breki zishikwe polepole mwendo ukiwa mdogo mpaka zikauke. Mteremkoni itumiwe gia ndogo. Ila mwenye injini ya mipigo miwili afungue petroli kidogo mara kwa mara, kwa kuwa akiifunga kwa muda mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, oili inayofika kwenye pistoni hupungua. Tena akumbuke kwamba tairi za meno hushika matope vizuri, lakini huteleza juu ya lami iliyolowa.

Spoki zigongwe moja moja kwa spana. Yenye sauti nzito imelegea. Gurudumu la mbele liinuliwe na usukani ugeuzwe taratibu. Ukikwama katikati, beringi zake zimekwisha. Baada ya kilomita 100 za kwanza nati zote zipitiwe tena, hasa za injini na za mhimili wa nyuma, kwa kuwa barabara ya mawe hulegeza hata zilizokazwa vema. Na siku za masika, pikipiki ikioshwa jioni, maji yasielekezwe kwa nguvu kwenye beringi, na mnyororo upakwe oili usiku ule ule, usingoje asubuhi.